Gari Kuukuu Likikataa Kuwaka

Mwezi Julai baridi ya Mlima Meru hushuka hadi Sombetini. Alfajiri gari kuukuu hukataa kuwaka, na pengine ndani mna mgonjwa wa kupelekwa hospitali. Baridi hupunguza nguvu za betri.

Msikimbilie kusukuma. Washeni taa kubwa, kisha jaribuni stata. Taa zikififia sana, zimeni kila kitu, fungueni kwanza waya wenye alama ya kutoa, futeni unga mweupe kwenye vichwa vya betri, kazeni nyaya, naweni mikono. Zikififia tena, betri ikachajiwe. Injini ikizunguka vizuri bila kuwaka, tazameni petroli na plagi.

Sigara iwe mbali: betri hutoa hewa inayolipuka.

Kazeni nyaya hizo leo jioni, kabla usiku wa shida haujafika.