Bustani Yenye Watu Hainyakuliwi Kimyakimya

Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, na kwenye uwanda ule wenye majimaji pakaanza kambi ya wajenzi wa reli. Leo pana jiji la mamilioni ya watu, na katika jiji hilo hakuna mali inayogombewa kama ardhi. Kila kiwanja kina mwenye kukimezea mate. Hata hivyo, katikati kabisa ya zege na msongamano wa matatu, bado zipo bustani ambazo mtu yeyote anaweza kuingia akalala kwenye nyasi, na hatua chache kutoka hapo kuna msitu wenye kima na miti iliyopita umri wa miaka mia. Maeneo hayo hayakusalia kwa bahati. Karibu kila moja liliwahi kutengewa jengo, maegesho au mfuko wa mtu, likaokolewa na watu walioona kwamba ni lao. Ndiyo maana nasema kwamba mkazi wa Nairobi anayetenga asubuhi moja kuyapitia kwa miguu, bila kumsubiri kiongozi wa watalii, hajiburudishi tu. Anajifunza mipaka ya mali yake, na mali ya umma ambayo wenyewe wanaijua mipaka yake ni ngumu kuibwa.

Matembezi yenyewe hayana ugumu. Ni mwendo wa takriban kilomita tano, na mahali pazuri pa kuanzia ni jumba la Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa kwenye barabara ya Moi Avenue. Lilijengwa mwaka 1906 kuwa benki, na siku hizi linatunza kumbukumbu za taifa pamoja na sanaa zilizokusanywa na Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa pili wa Kenya. Nje yake imesimama sanamu ya mwanasiasa Tom Mboya, iliyozinduliwa mwaka 2011, karibu na mahali alipopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969. Ukikata kuelekea Kimathi Street unamkuta mpigania uhuru Dedan Kimathi, bunduki mkono mmoja na kisu mkono mwingine. Sanamu hiyo iliwekwa mwaka 2007, miaka 50 tangu anyongwe na serikali ya kikoloni. Ukifuata mtaa huo hadi Kenyatta Avenue utaona sanamu tatu za shaba, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson, ambaye pia alitengeneza sanamu ya Askari ya Dar es Salaam. Simama usome. Maandishi yake yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, kuwakumbuka wanajeshi na wapagazi wa Kiafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Maelfu hupita hapo kila siku kwenda kazini bila kujua kwamba shaba ile inazungumza lugha yao.

Hatua chache kutoka hapo kuna msikiti wa Jamia na, mkabala nao, maktaba ya McMillan yenye simba wawili wa mawe mlangoni. Maktaba hiyo ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Ukipita soko la City Market unafika Jeevanjee Gardens, bustani ambayo mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee aliitengeneza kwa fedha zake akaukabidhi umma mwaka 1906. Hapa ndipo hoja yangu inapopata ushahidi wake wa kwanza. Mwaka 1991 ulitolewa mpango wa kuifanya bustani hii kuwa jengo la maegesho na maduka. Mjukuu wa Jeevanjee, Zarina Patel, aliongoza upinzani, na waliosimama naye ni watu wa kawaida wa katikati ya jiji: waliokula chakula chao cha mchana pale, wahubiri wa saa saba na vijana waliokutana hapo kujadili siasa. Mpango ulikufa. Waliosema hapana waliweza kusema hivyo kwa sababu kila mmoja alijua benchi lipi lingeondolewa.

Rudi Kenyatta Avenue, upite Kipande House, jengo la mwaka 1913 ambalo sasa ni benki. Humo Waafrika waliandikishwa na kupewa kipande, kile cheti walichokivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma ili mzungu yeyote aweze kuwauliza wametoka wapi na wanamfanyia nani kazi. Ng'ambo ya Uhuru Highway ni Uhuru Park, iliyofunguliwa na Rais Jomo Kenyatta mwaka 1969, na umbali kati ya jengo lile na nyasi hizi ni mfupi kuliko umbali wa kihistoria ulio baina yao. Mwaka 1989 serikali ya chama kimoja ilitaka kujenga humu jumba la ghorofa 60. Mwanamazingira Profesa Wangari Maathai aliandika barua kwa kila aliyehusika, akatukanwa bungeni, lakini hakunyamaza, na jumba hilo halikujengwa. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walifunga kula kwenye kona ya bustani hii wakidai wana wao waachiliwe. Polisi walipowatimua, walikimbilia kanisa kuu la All Saints, ambalo unalifikia kwa miguu ukipanda kilima kidogo tu, wakakesha huko miezi kadhaa hadi wengi wa wana wao wakaachiliwa. Tarehe 27 Agosti 2010 Katiba mpya ilitangazwa rasmi katika bustani hiyohiyo. Ghorofa 60 zingekuwa zimesimama hapo, umati ule ungekusanyikia wapi?

Kutoka kanisani barabara ya State House inakupeleka kwenye Nairobi Arboretum, na ghafla honi zinasikika kwa mbali. Eneo hili la takriban hekta 30 lilianzishwa mwaka 1907 kwa sababu iliyo mbali kabisa na starehe. Injini za treni zilichoma kuni, miti ya kienyeji ilikua polepole, na wakoloni wakataka kujua ni miti gani ya kigeni ingeweza kushibisha reli haraka. Baadaye treni ziliacha kuni, lakini shamba la majaribio likabaki, na leo lina zaidi ya aina 300 za miti, za kienyeji na za kigeni, nyingi zikiwa na vibao vya majina. Kima hushuka kwenye matawi kuchungulia mfuko wa mwenye mkate. Mwishoni mwa juma utakuta kwaya zikifanya mazoezi, waumini wakisali kwa sauti chini ya miti, na wapenzi walioketi mbali kidogo na wote. Kilichopandwa ili kichomwe kimekuwa pafu la jiji, kwa sababu kizazi baada ya kizazi kilipata matumizi mapya nacho.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ardhi ya umma ina daftari lake serikalini, lakini Wakenya wanajua jinsi daftari hilo linavyoweza kufutwa na kuandikwa upya usiku. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilionyesha namna misitu, barabara na viwanja vya umma vilivyogawiwa watu binafsi kwa miaka mingi, mara nyingi kwa hati zenye mihuri yote inayotakiwa. Linalohitajika ni daftari la pili, ambalo limo vichwani mwa watu. City Park, kule Parklands, ni onyo kwa hili. Ndani yake kuna mabaki ya msitu wa asili na makaburi ya mwanasiasa Pio Gama Pinto, aliyeuawa mwaka 1965, na rafiki yake Murumbi. Lakini bustani hiyo imemegwa pembeni kwa miongo mingi hadi imebaki takriban hekta 60. Jengo la ghorofa 60 huonekana na kila mtu, ila mita chache za pembeni zinazozungushiwa mabati huonekana na yule tu aliyepita hapo wiki iliyotangulia.

Wapo watakaosema kwamba naupa mwendo wa miguu sifa usiyostahili. Watakumbusha kwamba jumba la Uhuru Park lilikwama pale wafadhili wa nje walipositasita, na kwamba haki za umma hulindwa na mahakama na sheria. Ni kweli, sheria ndiyo ngome. Lakini mahakama haiamki yenyewe, na mfadhili wa mbali hajui bustani ipi inavamiwa mpaka aandikiwe. Lazima awepo mtu aliyeona, anayeweza kusema mpaka ulikuwa hapa na sasa uko pale. Mtu huyo hapatikani ofisini. Hupatikana miongoni mwa wanaopita.

Pingamizi zito zaidi ni la usalama. Mzazi ana haki ya kuuliza kwa nini ampeleke mtoto msituni katika jiji lenye wezi. Jibu lipo Karura, msitu wa zaidi ya hekta 1,000 kaskazini mwa jiji. Katika miaka ya 1990 sehemu zake ziligawiwa watu binafsi, na Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa na walinzi walipokwenda kupanda mche pale. Wakati huo Karura iliogopwa, na wenye akili waliipita kwa gari vioo vikiwa vimefungwa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliruhusu wananchi kushirikiana na serikali kusimamia misitu. Jumuiya ya Marafiki wa Karura ikaundwa, ukajengwa uzio, walinzi wakaajiriwa na njia za miguu zikafunguliwa hadi kwenye maporomoko ya maji na mapango waliyojificha wapigania uhuru wa Mau Mau. Leo familia hutembea humo na watoto hujifunza baiskeli. Walinzi walifungua mlango, lakini umati wa watembeaji ndio uliomfukuza mhalifu, kwa kuwa hapendi macho mengi. Kuisubiri bustani iwe salama kabla ya kuitembelea ni kuiachia iendelee kuwa hatari.

Mwingine atasema kwamba wengi wa wakazi wa Nairobi hutembea tayari, kutoka Kibera na Mathare hadi kazini, kwa kukosa nauli, na kwamba kuwaambia watembee kwa kujifunza ni dhihaka. Naheshimu uchovu wao, na kwa hakika wao ndio wenye haki kubwa zaidi ya bustani hizi. Mwenye nyumba yenye uwanja ana mahali pa kupumzikia, anayeishi chumba kimoja hana. Kiingilio kinapopanda, au bustani inapofungwa kwa ukarabati muda mrefu kama Uhuru Park ilivyofungwa mwaka 2021, anayeumia ni huyo. Kwa hiyo jiji linadaiwa mambo yaliyo wazi: njia za miguu zisizovamiwa na magari, vivuko salama kwenye Uhuru Highway, vibao vya historia kwa Kiswahili, ramani ya mipaka kwenye kila lango, na ada ambayo kibarua anaweza kuilipa.

Na kwa nini bila kiongozi? Si kwamba kiongozi hana kazi; anajua mengi. Lakini anayeongozwa hufuata mgongo wa mwenzake, ilhali anayejiongoza analazimika kutafuta, kuuliza mlinzi, kusoma bamba na kuchagua njia, na anachokitafuta mwenyewe hakimtoki kichwani. Chukua maji, viatu vizuri na mtoto mmoja wa shule, uanze asubuhi kabla ya jua kali. Mwonyeshe Jeevanjee ilipoishia, ukuta wa Arboretum unapopita, na kona walipofunga akina mama wale. Mabati ya mnyakuzi yatakuja tena, kwa sababu ardhi ya Nairobi haipungui thamani, na siku hiyo jiji litahitaji mashahidi wanaojua mpaka ulipokuwa.