Kijana Ashike Lugha Ipi?

Kijana mmoja wa kata yetu, aliyehitimu Kidato cha Nne, alinijia ofisini asubuhi moja akiwa na daftari kubwa mkononi. Baada ya "Shikamoo, Katibu" na marahaba yake, aliliweka mezani akaniomba nilipitie. Kurasa sita za mwanzo zilikuwa za Kiingereza. Zikafuata nne za Kichina. Kisha zikaja lugha za kompyuta: Python kurasa saba, Java tano, JavaScript mbili na nusu. Zilizosalia zote zilikuwa nyeupe. "Katibu," akasema, "nimeanza tano na sijamaliza hata moja. Nadhani kichwa changu ni kizito. Niambie nishike ipi, ama niache yote nirudi kulima vitunguu."

Ndugu msomaji, kulima vitunguu si aibu. Mkoa wa Singida unaishi kwa jembe, na alizeti na vitunguu vyetu vinajulikana nchi nzima. Lakini kijana anayerudi shambani kwa sababu amekwisha kujihukumu kuwa hana akili, huyo hatakuwa mkulima bora wala fundi bora. Ndiyo sababu nimeona swali lake lijibiwe hadharani, maana si lake peke yake.

Kwanza tulikane lile neno la kichwa kizito. Mkoa huu haujapungukiwa na vipaji vya lugha. Mtoto wa Kiomboi hukua na Kinyiramba nyumbani, wa Ikungi Kinyaturu. Manyoni atakisikia Kigogo, na mnadani atakutana na Wataturu na Wasukuma. Wilayani Mkalama wapo Wahadzabe, ambao lugha yao yenye vidoko haijathibitishwa na wataalamu kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote duniani. Mtoto wetu akiingia darasa la kwanza mara nyingi anazo lugha mbili kinywani, na hakuna aliyemfundisha sarufi ya hata moja. Alizipata kwa kuzitumia: kuomba maji, kuchunga ng'ombe, kugombana na wenzake na kupatana nao. Basi kichwa hicho hicho kilichobeba lugha mbili bila jasho, kwa nini kishindwe na ya tatu?

Jibu limo katika namna tunavyoifundisha hiyo ya tatu. Wengi wetu tuliosoma chuoni, yaani madrasa, tulianza na alifu. Herufi 28 tulizijua, irabu tukazitia, na kabla ya miaka mingi kupita tukaweza kusoma juzuu kwa sauti nzuri bila kuelewa maana ya sentensi moja ya Kiarabu. Katika ibada, usomaji huo una heshima yake na thawabu zake, wala sina neno juu yake. Kosa letu ni kuuhamishia katika shule ya sekondari. Mwanafunzi anakariri maelezo ya fizikia kwa Kiingereza, anayaandika katika mtihani kama alivyoyapokea, na hajui yanasema nini. Kwa kukariri anaweza kuambulia alama. Lakini kompyuta haitoi thawabu kwa aliyekariri. Ama umeielewa kazi unayoiagiza, ama haifanyiki.

Hali hii ina historia. Mwaka 1967 nchi yetu iliamua Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia katika shule za msingi, na sekondari ikabaki na Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya uenyekiti wa Ndugu Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kiingie sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikukubaliwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walichunguza na kuona kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakitoshi kusomea masomo mengine; hata hivyo wakashauri Kiingereza kiimarishwe, wala si kiondolewe. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ikakitaja Kiswahili kwa ngazi zote, na toleo lake la mwaka 2023 likakiacha Kiingereza mahali pake sekondari. Miaka yote hiyo mtoto wa Singida amekuwa akivuka mto kwa daraja lisilokamilika, na akianguka tunamwambia hajui kuogelea.

Tusielewe vibaya. Simo miongoni mwa wanaodai Kiingereza kitupwe. Mwalimu Nyerere, aliyekijenga Kiswahili kuliko kiongozi mwingine yeyote, alisema mwaka 1984 kwamba Kiingereza ni Kiswahili cha dunia. Lakini tumtazame alivyokitumia. Alikisoma hadi akakimudu, kisha akamleta Shakespeare nyumbani: tafsiri yake ya tamthilia ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Huko ndiko kujifunza lugha ya kigeni: kwenda ugenini na kurudi na mzigo.

Sasa tuje kwenye lugha za kompyuta, zilizomchosha kijana wetu zaidi. Lugha ya kompyuta ni mpangilio wa maneno machache yenye maana moja moja tu, ambayo mtu huyatumia kuiagiza mashine hatua kwa hatua. Fortran ilitolewa mwaka 1957 kwa hesabu za wanasayansi. COBOL ikabuniwa mwaka 1959 kwa kazi za ofisi na mahesabu ya biashara. BASIC ilizaliwa mwaka 1964 katika chuo cha Dartmouth, Marekani, ili hata mwanafunzi asiye wa sayansi aweze kuitumia mashine. C ilitengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Python ikatoka mwaka 1991. Java na JavaScript mwaka 1995, nazo, licha ya kufanana majina, ni lugha mbili tofauti.

Kijana akiyaona majina haya hushikwa na hofu kwamba akichagua vibaya amepotea. Hofu hiyo haina msingi. C ilipowekewa viwango rasmi mwaka 1989 ilikuwa na maneno ya msingi 32 tu. Python ya leo ina 35. Aliyemudu herufi 28 za chuoni akiwa na miaka saba hawezi kushindwa na maneno 35 akiwa na miaka kumi na minane. Tena, msingi wa lugha hizi zote karibu ni mmoja: kuweka kitu katika kumbukumbu, kuuliza "ikiwa", kurudia kazi "hadi" iishe, na kukusanya hatua nyingi chini ya jina moja. Aliyeuelewa msingi huo katika lugha moja, ya pili itamchukua muda mfupi zaidi.

Wala msingi huo si mali ya Waingereza. Neno algorithimu, yaani utaratibu wa hatua kwa hatua wa kutatua jambo, limetokana na jina la al-Khwarizmi, mwanahesabu wa Baghdad wa karne ya 9, na kitabu chake ndicho kilichotupa neno aljebra. Aliyebuni Python, Guido van Rossum, ni Mholanzi. Aliyebuni Pascal mwaka 1970, Niklaus Wirth, alikuwa Mswisi. Uholanzi na Uswisi watoto huanza hesabu kwa lugha wanazozielewa. Kiingereza hukikuta baadaye, fikra zikiwa zimekwisha kusimama.

Hebu tujaribu hapa kwetu. Msimamizi wa ghala la alizeti humwambia kijana wa mzani: "Chukua gunia moja. Lipime. Ikiwa uzito umefikia kilo sitini, lipokee. La sivyo, lirudishe kwa mwenyewe. Endelea hivyo hadi magunia yaishe, kisha niletee jumla." Hiyo, ndugu msomaji, ni programu kamili. Ina sharti, ina marudio, ina jumla. Hakuna kijana wa Singida asiyeielewa. Kinachobaki ni kuyabadili maneno "ikiwa", "la sivyo" na "hadi" yawe yale ambayo mashine imezoeshwa. Mwalimu akianza na ghala, somo ni la wiki chache. Akianza kwa kuimlisha maelezo ya Kiingereza ubaoni, ni la miaka, na mwisho wake ni daftari jeupe.

Nilimwuliza kijana wetu alikwama wapi katika Python. Akanionyesha ukurasa wa saba, aliponakili sentensi ambayo kompyuta ilimjibu akashindwa kuendelea. Tulifungua kamusi, neno kwa neno. Mashine ilikuwa ikimweleza kwamba hakuacha nafasi mwanzoni mwa mstari, jambo ambalo Python hulidai. Kosa lenyewe lilirekebishwa kwa kubonyeza kitufe mara nne. Kumbe lililomzuia lilikuwa neno moja la Kiingereza ambalo hakuna aliyewahi kumfasiria, nalo lilikuwa limemshawishi kwamba hana akili.

Taifa letu liliwahi kuisogelea mashine hii kwa wasiwasi. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974, baada ya hasara na matatizo ya mahesabu, uingizaji wa kompyuta ukapigwa marufuku. Marufuku hayo yaliondoka, na mwishoni mwa mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyozungumza Kiswahili. Kwa hiyo Kiswahili kimekwisha kuingia ndani ya mashine. Kilichosalia ni kuingia ndani ya darasa la mashine. Na siku hizi ambapo mitambo ya akili unde yaweza kumwandikia mtu programu nzima, haja ya kuelewa imezidi, kwa kuwa asiyeelewa hawezi kujua ameandikiwa kweli ama upuuzi.

Jibu langu kwa kijana lilikuwa hili. Shika Kiingereza na Python, uziweke nyingine kando kwa mwaka mmoja. Nimekuchagulia hizo kwa sababu maneno ya moja yatakufungulia nyingine. Kila sentensi ya kosa ambayo mashine itakupa, iandike daftarini na tafsiri yake kwa Kiswahili. Usihesabu kurasa, hesabu kazi ulizokamilisha, na ya kwanza iwe hesabu ya magunia ya baba yako. Njia mbili zilimshinda fisi, sembuse tano.

Nasi watu wazima tuna sehemu yetu. Viongozi wa kata na vijiji, walimu, na wote wanaoendesha mafunzo ya kompyuta mjini kwa ada za wazazi, hatuna budi kukubali kwamba kumweleza Mtanzania jambo kwa Kiswahili si kulishusha jambo hilo. Mwalimu anayeogopa kueleza kwa Kiswahili huenda naye hajaelewa.

Kijana aliondoka na daftari lake. Wiki mbili baadaye alirudi akafungua ukurasa mmoja tu. Magunia ya baba yake yalikuwa kumi na manane, na jumla ilikuwa sahihi.