Maandalizi ya Bampa Kabla ya Kupakwa Kromu Upya

Mmiliki wa gari katika mji wa Maganzo, wilayani Kishapu, anayetaka bampa la chuma lirejeshewe mng'ao anapaswa kufahamu kuwa kromu haifichi kasoro. Tabaka lake ni jembamba mno, hivyo shimo la kutu au alama ya nyundo huonekana dhahiri.

Kwanza kromu ya zamani huondolewa, bampa hunyooshwa, nyufa huchomelewa, kisha hupigwa msasa hadi liwe laini. Puti haifai kuziba mashimo kwa sababu haipitishi umeme unaotumika kuweka matabaka ya shaba, nikeli na kromu.

Mvuke wa asidi ya kromiki unaweza kusababisha saratani ya mapafu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuwapatia wafanyakazi vifaa kinga.