Pete ya Chuma Isiyo na Namba

Kila kitu chenye maana kwenye Land Rover lile kina namba. Chesisi ina namba yake, imegongwa upande wa kulia mbele, pale springi inapojishika. Injini ina namba yake. Hata giaboksi inayo. Lakini kati ya injini na giaboksi pamebanwa pete nene ya chuma, upana wake kama wa sinia, ambayo haina namba, herufi, wala alama yoyote. Injini ilitengenezwa Japani, gari lenyewe Uingereza, pale Solihull. Pete hiyo ilichongwa Gerezani, mwendo wa dakika chache kutoka soko la Kariakoo. Tangu niione sijaacha kuifikiria.

Gari ni 109 ya Series III, aina iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Wasomaji wa rika langu hawahitaji kuelezwa Land Rover za kijani zilikuwa nini kwetu wakati wa Vita vya Kagera, mwaka 1978 na 1979. Hili lilitumika jeshini, likauzwa mnadani, likapita mikono kadhaa ya raia, na sasa linatafuta mnunuzi tena. Injini yake ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286 ilichoka zamani, ikaishia kwenye chuma chakavu. Mahali pake imewekwa Toyota 3L ya dizeli, jamii ileile ya injini zilizosukuma vipanya enzi za Hiace kuwa daladala. Spea zake unazipata Shaurimoyo ukiwa umefumba macho.

Aliyeifunga injini hiyo nitamwita Fundi, kama wote wanavyomwita. Nilimkuta amelala chali chini ya gari, akimwonyesha mnunuzi kazi yake kwa tochi ya simu.

“Injini kuingia si kazi,” alisema. “Ukiwa na winchi na vijana wawili, inaingia. Kazi ni kuzikutanisha hizi mbili zisijue kwamba hazijuani.”

Kisha akanieleza, polepole, na niliandika karibu kila neno. Matundu ya bolti ya Toyota hayalingani na ya Land Rover. Kwa hiyo anaanza kwa kupaka grisi uso wa injini na kubandika boksi gumu, alama za matundu zijichore zenyewe. Anafanya hivyo pia upande wa giaboksi. Michoro hiyo anaihamishia kwenye bamba la chuma, kisha bamba linapelekwa kwa mwenye mashine ya kukereza, linatobolewa katikati. Unene nao una hesabu yake. Shafti inayotoka kwenye giaboksi lazima pua yake iingie ndani ya beringi ndogo iliyo mwishoni mwa krenki. Bamba likiwa nene mno, pua haifiki. Likiwa jembamba, inasukuma.

Klachi pleti nayo ni ya kuunganisha. Duara la nje ni la Toyota, maana ndilo linalokaa kwenye flaiwili. Moyo wake wenye meno unatolewa kwenye pleti ya Land Rover, kwa sababu meno ya Toyota hayashiki shafti ile, na vyote viwili vinafungwa kwa ribiti.

Baada ya hapo ndipo inakuja sehemu anayoipenda, na sauti yake ilibadilika alipoifikia. Anafunga saa ya vipimo kwenye flaiwili, sindano yake ikigusa ukingo wa tundu la katikati, kisha anazungusha injini kwa mkono, kwa spana, mzunguko mzima. Sindano ikicheza, tundu haliko katikati. Anagonga bamba taratibu, anazungusha tena. Inaweza kumchukua nusu siku. Makosa yakizidi sehemu ya kumi ya milimita, hakubali. Sindano ikitulia ndipo anatoboa matundu mawili ya pini za chuma zinazoshikilia pete isihame milele.

“Bolti zinabana tu,” alisema. “Anayekumbuka mahali ni pini.”

Wasiokuwa na saa hiyo hupima kwa jicho, na gari hutembea vizuri miezi ya kwanza. Halafu beringi ndogo inaanza kulia kila ukikanyaga klachi, shafti inaliwa, gia ya tatu inaruka yenyewe ukiwa kwenye mteremko. Ndiyo maana alimwambia mnunuzi asilipe chochote kabla ya kulipakia gari mzigo na kulipeleka milima ya Pugu: kupanda na kushuka, redio imezimwa.

Mengine aliyataja harakaharaka. Bodi ni ya aluminiamu haiozi, kwa hiyo rangi isikudanganye. Chukua bisibisi, gonga chesisi, maana yenyewe ni ya chuma. Gari la petroli lililogeuzwa dizeli lazima liwe na bomba la kurudisha mafuta kwenye tangi. Land Rover za kijeshi zilizotengenezwa kwa ajili ya redio zilitumia volti 24, hivyo fuata nyaya uone kama mtu hakuchanganya na 12. Nyuma, chini, baadhi ya Land Rover hizo bado zina taa ndogo inayomulika difu iliyopakwa nyeupe, ili dereva wa nyuma afuate msafara gizani bila taa kubwa. Nilichuchumaa kuitafuta. Mabano yapo, taa haipo.

Huenda kuna mtu atasema gari kama hili limeharibiwa, si la asili tena. Sikubaliani naye. Jeshi la Australia liliagiza Land Rover 110 zake, zile zinazoitwa Perentie, zikiwa na injini ya Isuzu ya lita 3.9 tangu kiwandani, miaka ya 1980. Kule kuchanganya kuliitwa uhandisi. Kwetu kunafanywa uani.

Mnunuzi anayo kazi nyingine ya karatasi: hati ya mnada, namba za injini mpya kuingizwa kwenye kadi TRA, risiti ya duka ilikonunuliwa, na rangi ya kijani kubadilishwa, hasa tangu JWTZ ilipowapa raia siku saba Agosti 2023 kusalimisha mavazi yanayofanana na sare zake. Kadi ina nafasi ya chesisi, injini, na mafuta. Pete haina pa kuandikwa.

Nikamuuliza Fundi: pete ikipasuka kwenye mteremko wa Kitonga, gari limebeba watu, anayejibu ni nani?

“Mimi. Namba yangu ya simu wanayo. Nitapanda basi.”

Lakini gari litauzwa tena, na mnunuzi atakayefuata hatakuwa na namba hiyo. Basi kwa nini asigonge herufi za jina lake kwenye pete? Akaniangalia kama mtoto wake.

“Mwanangu, vile vyuma vya kugongea namba ndivyo wanavyobadilishia chesisi za magari ya wizi. Siku polisi wakivikuta mezani kwangu, nitawaambia nilikuwa naandika jina?”