Talaka Haivunji Uzazi

Mume na mke wanapoachana, eda ikakwisha na kila mmoja akarejea kwa ahali zake, huyu Kibokoni katika Mji wa Kale wa Mombasa na yule ng'ambo ya Likoni, ndoa huwa imekoma, lakini ubaba na umama haukomi. Na mtoto wao, avukapo Feri kwenda na kurudi, ana haki ya kuwakuta wazazi wawili waliokwisha afikiana juu yake.

Suratun-Nisaa, aya ya 35, yaamrisha kwamba ukihofiwa mfarakano baina ya mume na mke, atumwe mwamuzi katika jamaa za mume na mwamuzi katika jamaa za mke. Nayo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, yawabebesha baba na mama jukumu sawa la malezi, wawe wameoana au hawakuoana, na katika kifungu cha 159 yazitaka mahakama zihimize upatanishi.

Mpatanishi si kadhi wala hakimu, hakati hukumu. Humsikiliza kila mzazi, kisha huwageuza wote wawili kutoka kwenye swali la nani aliyekosa, wakabili la nini kitakachomfaa mtoto. Na hapo mambo madogo ndiyo yenye uzito. Mathalani huandikwa: Ijumaa baada ya alasiri baba atampokea mtoto upande wa kisiwani, avuke naye mwenyewe, Jumapili kabla ya magharibi amrejeshe papo hapo, pamoja na daftari zake za skuli na juzuu yake ya chuoni, Iddi ya Mfunguo Mosi ailie kwa mama, ya Mfunguo Tatu kwa baba, na mwaka wa pili wabadilishane, na feri ikichelewa, apigiwe simu mzazi mwenzake, asitumwe mtoto kuchukua maneno. Masurufu nayo hutajwa kiasi chake na siku yake, wala hayafanywi bei ya kumuona mtoto.

Palipo na kipigo au vitisho, ambapo mmoja hawezi kunena mbele ya mwenziwe bila ya khofu, upatanishi haufai. Hapo pa kwenda ni mahakamani, na Mombasa iko mahakama ya watoto Tononoka. Penye amani, maafikiano yaliyotiwa saini na kuthibitishwa na mahakama huwa na nguvu ya amri yake, nayo yafaa yaangaliwe upya kila mtoto akuapo.

Nanyi mababu, mabibi na makhalati, shikeni ahadi hiyo pamoja na wazazi, wala msimuulize mtoto ni yupi ampendaye zaidi.