Ufunguo wa Nyumba Mkononi mwa Fundi: Kununua Kamera za Ulinzi Meru na Embu

Mkaazi wa Meru au Embu atakaye kuweka kamera za ulinzi, zile tulizozoea kuziita CCTV, ana njia tatu mbele yake. Aweza kwenda kwa muuza vifaa vya umeme wa mji wake. Aweza kupanda gari hadi Nairobi, kwenye maduka ya Luthuli Avenue, ambako bidhaa hizo zimejaa na bei hupungua kwa ajuaye kujadiliana. Au aweza kuagiza kwa simu na kuletewa mzigo kwa basi. Iko na njia ya nne, ya fundi apitaye mlango hadi mlango na mkoba begani. Hiyo hatutaizungumza zaidi ya kusema kwamba haifai.

Wengi huzipima njia hizi kwa bei peke yake. Lakini anayeuza kamera na kuzifunga si sawa na muuza sufuria. Huingia ndani, hujua mlango gani una kufuli dhaifu, na mara nyingi ndiye aandikaye neno la siri litakalofungua picha zote kwenye simu. Mwaka 2021, huko Texas, Marekani, fundi wa kampuni ya ADT alikiri mahakamani kwamba alikuwa akijiongeza kwa siri katika akaunti za wateja aliowahudumia. Kwa zaidi ya miaka minne alichungulia akaunti zaidi ya 200, kwa mara zaidi ya 9,600, akizifuata nyumba zenye wanawake waliomvutia. Alihukumiwa kifungo cha miezi 52. Hakuvunja dirisha la mtu. Wenye nyumba walimfungulia mlango wenyewe.

Kwetu sisi jambo hili lina uzito wa namna yake. Suratun-Nur imetuamrisha tusiingie nyumba za wenzetu mpaka tuombe idhini na kuwatolea salamu wenyewe, na jicho la kamera huingia bila hodi. Mama aliyevua mtandio uani mwake, akianua nguo au akimnyonyesha mwanawe, asiwe na haja ya kujiuliza ni nani mwingine amwonaye. Kwa hivyo kamera na zikae langoni na kwenye kuta za nje. Uani na sebuleni zisiwekwe kabisa, hata bwana mwenye nyumba akishikilia. Na mama ashirikishwe katika shauri hili tangu mwanzo, kwani yeye ndiye ashindaye humo.

Turudi basi kwenye swali la wapi. Rai yetu ni duka la mjini humohumo, lenye mlango unaojulikana, risiti na dhamana iliyoandikwa, hata likizidi bei kidogo. Embu iko kiasi cha kilomita 130 kutoka Nairobi, na Meru ni zaidi ya 200. Mvua za masika na za vuli katika miteremko ya Mlima Kenya hupenyeza maji kwenye viungo vya waya, umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, na buibui hutanda mbele ya kioo hata picha ya usiku ikawa ukungu mtupu. Kinasa kikizimika, muuzaji wa Luthuli hatapanda gari kwa ajili yako. Utakipakata wewe hadi Nairobi. Aliye na fundi wa karibu anayemwamini aweza kununua huko na kuokoa fedha. Asiye naye, alichookoa kitaishia kwenye nauli.

Dukani, uliza waya kwanza, kwa sababu hapo ndipo hila hufanyika. Waya mwingi wa bei ya chini ni alumini iliyopakwa shaba, na ukivutwa masafa marefu picha hufifia. Kwangua ncha kwa kisu. Ndani ikiwa nyeupe, hiyo si shaba tupu. Kisha uliza diski: ni mpya, ya kazi ya kamera, au imetolewa katika kompyuta kuukuu? Kamera moja ya kawaida ikinasa mfululizo hula takriban gigabaiti 20 kwa siku. Kamera 4 basi hujaza diski ya terabaiti 1 kwa siku 12 hivi, na baada ya hapo picha mpya hufuta za zamani. Aliyefunga nyumba Meru akaja Mombasa kufunga mwezi mzima wa Ramadhani atarudi akute siku za mwanzo zimekwisha kufutika.

Wenye maduka waikumbuke pia Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Matumizi ya nyumbani tu yameachwa nje yake, lakini kamera ya biashara hunasa sura za wateja, nao wana haki ya kujulishwa. Tangazo lionekane mlangoni. Dirisha la jirani lisielekezewe kamera hata kama hakuna sheria iliyotajwa.

Siku ya kukabidhiwa kazi, salio lisilipwe mchana. Ngoja giza liingie, utazame kama uso wa mtu aliyesimama langoni watambulikana, na uombe kurudishiwa picha za saa moja iliyopita. Neno la siri la kiwandani lisibaki: mwaka 2016 virusi vilivyoitwa Mirai viliteka kamera na vifaa vingine kwa maelfu kwa kuyajaribu tu maneno hayo. Andika jipya kwa mkono wako, fundi akiwa amegeuka. Kisha mwambie afungue programu kwenye simu yake mbele yako, muone wote wawili kwamba picha za nyumba yako hazimfikii tena.