Choo cha mtoto mchanga kinavyoonyesha kama ananyonya vya kutosha

Mama anayeuza ndizi au viazi katika soko la Gakoromone, mjini Meru, hana likizo ya uzazi. Siku asipofungua kibanda hakuna mapato. Mara nyingi mtoto hubaki na nyanya au msichana wa kazi, na yule anayebadilisha nepi ndiye wa kwanza kuona kama mtoto anashiba. Ni vyema basi ajue anachokitazama.

Choo cha kwanza cha mtoto ni cheusi, kizito na chenye kunata kama lami. Huo si uchafu aliorithi kwa mama, wala si dalili ya tumbo baya. Ni mabaki ya maji ya uzazi aliyomeza tumboni, nyongo na ute wa utumbo. Watoto wengi waliotimiza miezi hukitoa ndani ya saa 24 za kwanza.

Dawa ya kukisukuma nje mama anayo tayari. Ni dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya siku za mwanzo. Dang'a hulainisha choo, humkinga mtoto na maradhi, na hupunguza umanjano wa ngozi, kwa kuwa rangi inayouleta hutoka pamoja na choo. Siku ya kwanza mtoto hunyonya kijiko kimoja au viwili vya chai tu kila mara, kwa hiyo mama asidhani hana maziwa. Maji ya sukari, glukosi au dawa ya tumbo ya dukani humjaza bure, akaacha kunyonya. Asali ni hatari kabla hajatimiza mwaka mmoja.

Siku ya tatu au ya nne choo hugeuka kijani. Kufikia siku ya tano kinapaswa kuwa cha manjano, laini au majimaji, chenye chembechembe kama mbegu, angalau mara tatu kwa siku, pamoja na nepi sita hivi za mkojo. Huko si kuhara. Choo kikibaki cheusi siku ya tano, huenda mtoto hapati maziwa ya kutosha. Mpeleke kliniki apimwe uzani na mama aangaliwe anavyompakata.

Baada ya wiki sita hivi, mtoto anayenyonya tu anaweza kukaa siku kadhaa bila choo. Kama kikija ni laini, na anaongeza uzani, usimpe dawa.

Usingoje ukiona haya: hajapata choo kwa saa 24 tangu kuzaliwa, tumbo limevimba, anatapika matapishi ya kijani, choo kina damu, au ni cheupe kama chokaa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea. Mwenye kibanda sokoni hana mwajiri wa kumdai. Kaunti zinazotoza ushuru katika masoko, Meru hata kwetu Pwani, zingeweza kutenga chumba kimoja chenye maji na kiti. Mtoto aletwe pale anyonye, mama arudi kwenye biashara yake.